Kadena ya Choo kule Ndosho

Siku tulipokwenda kuposa, baba mdogo wa mke wangu aliniuliza mbele ya watu wote ninafanya kazi gani. Nikajibu kwamba ninajenga vyumba. Akafurahi sana. Akauliza, "Vya kulala ao vya kupangisha?" Nikasema ni vidogo vidogo, vya nyuma ya nyumba. Mjomba wangu, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wetu, akakohoa na kuuliza kama chakula kiko tayari. Walikuja kujua ukweli baadaye, mbuzi wa mwisho akiwa ameshatolewa, na mke wangu akawajibu kwamba kwake angalau hatakosa mahali pa kwenda.

Ninawaandikia nyinyi vijana, hasa nyinyi mnaojifunza uashi na mnaoota nyumba za ghorofa tu. Jina langu ni Paluku. Miaka yangu yote ya nguvu niliimaliza nikichimba na kujenga vyoo katika mji huu wa Goma, toka Murara ninapokaa mpaka Ndosho na kupita. Sasa mgongo umenikatalia, ninakaa mlangoni nikitazama watu wanaopita na bidoni zao, madumu ya maji. Wengine wananiita Papa Choo hata leo, na mimi ninaitika. Sioni aibu. Kuna watu wazima wanaotembea mjini humu kwa sababu shimo fulani lilichimbwa vizuri walipokuwa wadogo, nao hawajui.

Lakini sikukaa chini ili nisifie mashimo yangu. Nataka kuwaeleza habari ya choo kizuri nilichokijenga Ndosho kwa Mama Kahindo. Kilikuwa kizuri mno, na uzuri wake nusura umfukuze mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgonjwa mgongoni na hana mahali pengine pa kwenda. Nitafika huko. Mniache nizunguke kidogo, mzee hasimulii kwa mstari ulionyooka.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Muzee Bahati. Alikuwa mfupi, mwenye mikono mipana, na hakupenda fundi anayeongea wakati wa kupiga nyundo. Mji wetu umekaa juu ya mawe ya volkano, mnajua. Watu wa kwingine wanachimba choo kwa jembe na sepetu, wanaimba. Kwetu unapiga baramine, ule mtaimbo mrefu wa chuma, na jiwe linakurudishia mkono mpaka begani. Muzee Bahati alinifundisha kuwasha moto mkubwa juu ya jiwe, kulipika mpaka lichoke, halafu kulimwagia maji baridi kwa ghafla. Jiwe linapasuka lenyewe, unaingiza tindo katika ufa. Alinifundisha pia kusikiliza. Ukigonga na mlio ukarudi mzito, umekutana na jiwe lililoshikana, sogea pembeni. Ukirudi mtupu, chini kuna uwazi, chimba hapo lakini uwe na kamba kiunoni. Na jiwe likikataa kabisa kushuka, unapanda: unajenga tangi la mawe juu ya ardhi, unaweka ngazi, na mwenye nyumba anakwenda haja akiwa juu ya jirani zake wote. Wengine walikuwa wanapenda hivyo.

Upande wa Ndosho kuna jambo lingine, mazuku, ile hewa mbaya inayojilaza ndani ya mashimo bila rangi wala harufu. Kila asubuhi tulishusha kwanza taa ndogo ya petroli kwa kamba. Taa ikizimika, hakuna anayeshuka. Siku moja nilikuwa na haraka, nilitaka kuwahi mechi ya mpira. Taa ikazimika, nikasema ni upepo, nikaweka mguu ndani. Muzee Bahati alinishika kola ya shati akanivuta.

"Taa imekufa," akasema, "na weye unataka kuifwata?"

Mechi sikuiona. Alinikalisha juu ya jiwe hadi jua lilipogeuka, nami nilinuna kweli kweli. Leo nina wajukuu, na kila nikiwatazama ninaikumbuka kola ile.

Lakini siri yake kubwa haikuwa moto wala taa. Alipoitwa mahali kujenga choo, kitu cha kwanza alichoomba kilikuwa ruhusa ya kuingia katika kile cha zamani. Akitoka, anaomba kiti. Anakaa uani, anatazama. Wenye nyumba walidhani ni mvivu, na mimi nilidhani hivyo hivyo. Siku moja nikamuuliza, "Muzee, tunaangalia nini?"

"Mikono."

"Mikono ya nani?"

"Ya bote. Miguu inaenda choo na inarudi, basi. Mikono njo inarudiaka na kitu. Ukisha kuona mikono inagusaka nini, njo utajua mulango utaweka wapi, na maji utaweka wapi."

Nilimsikia kwa masikio tu. Ilinichukua muda mrefu kumsikia kwa kichwa.

Ushahidi ni choo nilichokijenga hapa hapa Murara, kazi yangu ya kwanza bila yeye. Sikuomba kiti, sikutazama mtu. Nilitafuta tu mahali ambapo jiwe lilikuwa laini, nikajenga, na mlango ukatazama moja kwa moja sebule ya mwenye nyumba. Kikapendeza. Akaja mama mkwe wake kutoka Butembo, mama wa heshima, wa zile familia ambazo mama mkwe hali mbele ya mkwe wake, wala hatajwi kwamba ana tumbo. Mkwe yuko sebuleni na wageni, mlango uko wazi, choo kiko mbele ya macho yao. Mama yule alikaa kutwa bila kwenda. Alikataa chai, alikataa maji, alikataa hata ndizi. Kesho yake akasema amekumbuka shughuli nyumbani, akapanda gari. Binti yake alinikuta njiani, akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Papa Paluku," akasema, "choo yako ilifukuza mama yangu."

Nilikwenda nikageuza mlango kwa jasho langu mwenyewe. Basi mjue hivyo: watu hawaendi kwenye choo kizuri, wanakwenda kwenye choo ambacho hawaoni haya kuingia. Na mama akiona haya, mtoto wake ataona haya, na mtajua haja zimekwenda wapi mkianza kusikia harufu nyuma ya ukuta.

Kwa kuwa nimefika hapo, acheni niwaambie na mengine, yale madogo madogo ambayo hakuna anayenilipa kuyasema. Sakafu ya choo iwe laini na iteremke kuelekea tundu, maji yasilale. Tundu lisiwe pana. Mtoto anayeogopa kutumbukia atachuchumaa mlangoni, na hamtamshawishi kwa kiboko. Kifuniko kiwe na mpini mrefu, mtu asiiname na kukishika kwa vidole. Tia majivu ya jikoni, mnayo kila siku na mnayatupa. Maji ya kuoga yasielekezwe ndani ya shimo la choo, yanalijaza mapema na yanaamsha nzi; yachimbie kishimo chake na ukijaze kokoto za volkano. Ufagio wa choo uwe wa choo. Nimeona kwa macho yangu ufagio mmoja ukitoka choo, ukapita sebule, ukamalizia chini ya meza ya kulia. Ufunge uzi mwekundu, hata mgeni ajue. Na lile neno la wamama, kwamba mavi ya mtoto mchanga hayana ubaya kwa kuwa ananyonya tu, lisikieni na mlikatae kwa upole. Yana ubaya kama ya baba yake.

Halafu kuna usafi wa mgeni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mimi naamini walikuwa wanasema habari za choo. Akitangazwa mgeni, nyumba nzima inashika brashi, sabuni inatoka kabatini, taulo jipya linatundikwa. Mgeni akipanda pikipiki kwenda zake, sabuni inarudi kabatini. Nyinyi mnaoishi humo kila siku ndio wageni wa nani?

Sasa Ndosho.

Mama Kahindo alikuwa mjane, mtu wa misa ya asubuhi, mwenye sauti iliyofika barabarani bila kutumwa. Alikaanga mandazi na kuyauza mlangoni pa parsele yake, yaani kiwanja chake, ambacho ndani yake alijenga safu ya vyumba vya kupangisha. Kila chumba familia, na wote choo kimoja cha mabati yaliyooza. Aliponiita, nilifanya kazi ya moyo wangu wote. Sakafu nililainisha kwa sima, yaani saruji, mpaka inang'aa. Bomba la hewa nikalipaka rangi nyeusi na kulifunga wavu juu, nzi wasitoke. Mlango wa mbao nzito, bawaba za kweli. Nje nikaweka bidoni yenye robine, koki ndogo ya maji, juu ya kigingi cha chuma, ya kunawia. Mama Kahindo alizunguka choo chake akikipapasa, kisha akakiombea baraka.

Niliporudi kumsalimu, nikakuta kadena kwenye mlango. Kufuli kubwa, la kufungia duka.

"Choo vile iko muzuri, batu bote ba avenyu banataka kukuya," akaniambia. "Ba pikipiki, benye kupita, bote. Banachafula halafu banaenda. Sasa mwenye anataka, anakuya kubeba ufunguo kwangu. Akimaliza anarudisha, minaenda kuangalia."

Ufunguo ulifungwa kwenye kipande cha ubao ili usipotee, na ulitundikwa jikoni mwake, kwenye msumari, juu kidogo ya karai la unga, mahali ambapo anauona akiwa anakanda. Kwa kweli nilimsifu. Choo kilikuwa safi kuliko sebule za watu. Na msidhani wapangaji walikuwa wachafu: asiyenawa kwenye bidoni alipigiwa kelele ambazo angezikumbuka Jumapili.

Katika chumba cha mwisho aliingia mpangaji mpya, Mama Furaha. Alikuwa kijana, mnyamavu, ametoka upande wa Rutshuru baada ya risasi kufika kijijini mwao. Alikuja na mzigo mmoja kichwani na binti yake Furaha mgongoni, mtoto ambaye alikuwa bado hajatembea. Habari za mume zilikuwa chache. Alifulia watu nguo ili wale. Haikupita muda, mtoto akaanza kuharisha. Alipelekwa kituo cha afya, akapewa maji ya chumvi na sukari, akapona, akarudia. Akapona tena, akarudia tena. Halafu watoto wa vyumba vingine nao wakaanza, na mwisho mjukuu wa Mama Kahindo mwenyewe.

Mnajua watu wanavyotafuta chanzo. Hawatazami kilichokuwapo, wanatazama kilichoingia jana. Wakasema ugonjwa umekuja na yule wa Rutshuru, ameutoa kwenye kambi ya wakimbizi. Choo si ni kipya? Si kinafungwa? Si watu wananawa? Basi ni yeye. Mama Kahindo alimwambia mwezi ukiisha atoke. Ajabu ni kwamba kwa mtoto hakuwa mkali hata kidogo. Asubuhi Mama Furaha akienda kuteka maji, Mama Kahindo ndiye aliyembeba Furaha, akimega kipande cha andazi na kumtia mdomoni.

Mimi niliitwa siku hizo kwa kitu kingine kabisa. Mvua zilikuwa nyingi na kadena ilikuwa imeshika kutu. "Inakataa kufunguka," Mama Kahindo aliniambia kwa simu. "Kuya uitie mafuta." Nilikwenda na kichupa changu cha vidanji, yale mafuta machakavu ya injini yanayomwagwa gereji, meusi tii. Sisi tunayapaka kwenye mbao za milango ili wadudu wasizile. Nikayamimina ndani ya kadena bila uchoyo, nikauchovya na ufunguo wenyewe, nikaifunga kadena na kuifungua mpaka ikawa laini.

Nikiondoka, Mama Furaha alikuwa anakunja nguo za mtoto mlangoni pake. Mzigo ulikuwa umeshafungwa nusu.

"Papa," akasema, "mwenye kuzunguka muji sawa weye, hauyue fasi benye kupangisha chumba?"

Nikamwambia nitauliza. Lakini nilijua, na yeye alijua, kwamba neno lilikuwa limeshaenea, na hakuna mwenye parsele atakayempokea mtoto anayesemwa kwamba anabeba ugonjwa. Barabara ya kurudi kwao ilikuwa imefungwa. Niliumia, nasema kweli. Niliingia nyumbani nikashindwa kula, na mke wangu akadhani ninaumwa.

Kesho yake asubuhi simu ikalia. Sauti ya Mama Kahindo ilikuwa juu kuliko kawaida.

"Papa Paluku, kuya uone mambo yenye ulifanya."

Nikaenda. Alinishika mkono wa shati na kunitembeza kama mwizi aliyekamatwa. Akaanza na mlango wa choo: alama nyeusi kwenye komeo. Nikasema, pole, mama, ni vidanji, huwa inachafua. Akanipeleka kwenye bidoni: robine nyeusi. Kipande cha ubao cha ufunguo: cheusi. Jikoni, ukuta unaozunguka msumari ulikuwa na vidole vya watu wa kila ukubwa. Kikombe cha kunywea maji kilikuwa na alama pembeni. Kifuniko cha sufuria nacho. Mfuko wa unga. Akalifunua karai kwa hasira, akanionyesha unga uliokandwa, mweupe, umeumuka vizuri, na katikati yake dole gumba jeusi limejichapa.

"Angalia mandazi yangu. Angalia. Mutoto wa mutoto wangu, kidevu yote ni mafuta, minashinda kumupanguza. Na tena yule Furaha, hapa," akajigusa kando ya mdomo, "hapa kabisa, iko na..."

Akaushusha mkono wake.

Mimi nimemjua Mama Kahindo miaka mingi na sijawahi kumsikia akiacha sentensi katikati. Aliutazama unga. Kisha akageuza mkono wake na kulitazama dole gumba lake, ambalo lilikuwa jeusi kwenye mistari yote, maana vidanji haitoki kwa maji matupu. Kisha akautazama msumari. Nikaona macho yake yanarudi njia ile ile tuliyopita, kutoka kwenye karai hadi ukutani, hadi kwenye ubao, hadi kwenye robine, hadi mlangoni mwa choo.

Mtu alikuwa anatoka choo, anafunga kadena kwa mikono ile ile, kisha ananawa vizuri sana kwa sabuni, kisha anauchukua tena ufunguo wake na kuuleta jikoni. Na Mama Kahindo, mtu wa usafi kuliko wote, ndiye aliyeupokea kila mara, kutwa nzima, kutoka kwa kila mtu, akiwa na unga mkononi.

"Kumbe hii inaonekana sababu ni nyeusi," akasema polepole.

"Ndiyo, mama."

"Na ile yenye haiko nyeusi?"

Nilimkumbuka Muzee Bahati kwenye kiti chake, na nikajiuliza mara ngapi nimepita katika ua ule bila kuomba kiti.

Alibeba karai lote akalimwaga, na siku hiyo wateja wake walirudi mikono mitupu. Alinawa mpaka viwiko kwa sabuni na majivu, muda mrefu, akisugua kucha. Halafu akaenda hadi chumba cha mwisho. Mlango wake ulikuwa pazia tu, kwa hiyo nilisikia.

"Mama Furaha, fungula ile muzigo."

"Nifungule ju ya nini? Mulisema niende."

"Nilisema. Sasa minasema bakia."

Nilidhani Mama Furaha angeshukuru. Hakushukuru. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Na mutoto akigonjwa tena?"

"Akigonjwa tena, tutamupeleka pamoja, miye na weye. Lakini hakukuya na ugonjwa. Aliukuta kwangu. Aliukula kwa mukono yangu."

Hapo Mama Furaha alikaa juu ya mzigo wake akalia, na Mama Kahindo akakaa kando yake, na mimi nikaenda kuitazama bawaba ambayo haikuwa na kasoro yoyote. Fundi mzee anajua wakati wa kutazama bawaba.

Jioni wapangaji waliitwa wote uani. Mama Kahindo aliwaambia kadena inatoka mlangoni. Wakaguna, kwa sababu watu hawapendi kuacha kitu walichokizoea hata kama kilikuwa kinawaumiza. Mmoja akasema wapita njia watarudi. Mama Kahindo akajibu kwamba warudi, lakini kila mmoja aje na maji ya kumwagia. Mama mwingine akasema jambo ambalo mimi sikuwa nimeliwaza: ufunguo ule hakuna mtoto mdogo aliyeweza kuufikia, na haja ya mtoto haingoji mtu mzima arudi sokoni, ndiyo maana nyuma ya ukuta kulikuwa vile kulivyokuwa. Wakakubaliana zamu za kusafisha. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ikabaki bidoni. Bidoni za kunawia ziliibiwa sana mtaani, kwa hiyo kila jioni Mama Kahindo aliiingiza ndani, na wa alfajiri walikuwa wanatoka choo bila maji.

Mama Kahindo akaitazama kadena iliyokuwa mkononi mwake. Akaomba mnyororo wa zamani wa baiskeli. Akaupitisha kwenye mkono wa bidoni, akauzungusha kwenye kile kigingi cha chuma, akafunga. Ikalia ta! Kisha akachukua ufunguo pamoja na ubao wake, akaingia choo, na sote tukasikia kitu kikigonga chini kabisa. Akatoka. Akanawa mbele yetu.

"Choo iko wazi," akasema. "Maji njo iko na kadena."

Sitawadanganya kwamba hakuna mtoto aliyeugua tena Ndosho. Mvua bado zinakuja, maji bado ni ya shida, na kuna miezi ambayo kila mtu anaogopa. Lakini watoto wa parsele ile walianza kujaza mashavu. Furaha alitembea kabla mama yake hajamaliza kukipanga kile chumba upya. Leo anakwenda shule na sare yake, ana meno mengi na maneno mengi zaidi.

Nyinyi vijana mnacheka, mnasema sisi siku hizi tuna vyoo vya kukalia, vya vigae, ndani ya nyumba. Vizuri, ninawaonea wivu kidogo. Lakini simu yako iko wapi unapokuwa umekaa humo? Iko mkononi. Unacheka nayo, unaandika nayo, unaiweka sikioni. Kisha unanawa mikono vizuri kama ulivyofundishwa, na kuichukua tena, na kuiweka kando ya sahani. Huo ndio ufunguo wa Mama Kahindo, msinifundishe mimi.

Ndiyo maana kijana akija kuniuliza siri ya kazi, simwambii kwanza habari za sima. Ninamwambia aombe kiti. Akae uani kwa watu, afuate mikono, awe na subira ya kuonekana mvivu. Na atakapoona jambo, asikimbilie kulisema, maana mwenye mkono akijionea mwenyewe, hatalisahau. Mtafanya hivyo vizuri kuliko mimi, nina hakika, kwa kuwa nyinyi hamtangoja mpaka mafuta yamwagike.

Juzi mwanangu alinibeba kwa pikipiki hadi Ndosho. Bidoni imebadilishwa, ile ya kwanza ilipasuka na wakaikata mkono, lakini mnyororo na kadena ni vile vile, na mpya imesukwa humo humo kwa waya. Mama Kahindo amezeeka, anakaa kwenye kiti, na Mama Furaha ndiye anayekaanga mandazi sasa. Niliingia choo. Nikatoka nikiwa na mawazo yangu, nikaanza kutembea kwenda kuwaaga.

"Muzee," Furaha akasema bila kuinua macho kwenye daftari lake, "mikono."

Nikarudi. Nilikijenga mimi choo kile, na nikarudi. Nilipokuwa ninanawa, nikamuuliza Mama Kahindo kwa utani kama hajutii, kama hataki siku moja kukifunga tena kizuri kile.

"Mwenye anataka kufunga choo yangu," akasema, "ashuke kwanza akatafute ufunguo."